Mapigo kwa Sentimita Kumi

Ziba, mwezi wa tisa. Mbuga imekauka
hadi ufa umemeza kandambili ya mtoto.
Mwenyekiti Masele anakanyaga kwa kisigino:
"Sikieni wenyewe. Saruji ya Mungu hii.
Mnapima nini tena?
Leteni tofali, darasa lipande kabla ya mvua."

Hatukumjibu. Nkwabi akavua shati,
akainua nyundo ya kilo nane mpaka kikomo chake,
akaiachia.
Kazi yangu ni kuhesabu na kuandika.

Kumi za kwanza: mapigo kumi na saba.
Kumi za pili: kumi na tisa.
Masele akacheka, akawageukia watu.
Kumi za tatu: kumi na moja.
Sita.
Nne.
Kisha chuma kikazama chenyewe, bila kupigwa,
kama mguu uliokosa ngazi,
na kicheko kikabaki hewani bila mwenyewe.

Ugumu wa juu ni wa kuazima.
Jua ndilo lililokopesha, mvua huja kudai,
na mbuga hulipa yote kwa usiku mmoja:
ukuta unainama, ubao unachanika,
watoto wanahamia chini ya turubai.

Tukashusha kisu chenye mabawa manne.
Nikazungusha mkono wake polepole,
digrii kwa digrii, huku sindano ikipanda.
Udongo hukataa kwanza.
Hukataa, hukataa,
kisha hukatika.
Kati ya kukataa na kukatika pana namba moja tu,
naiandika kwa penseli, maana wino huyeyuka na jasho.
Kwenye mita moja na nusu namba yenyewe ilikuwa ndogo
hata nikaona haya kuitamka.

Tukaendelea. Mita mbili. Mbili na robo.
Na huko gizani mapigo yakaanza kurudi:
tano, saba, saba, kumi.
Pete ileile ya chuma, ujazo uleule,
lakini mizani sasa inavutwa zaidi.
Hakuna katapila lililoshuka huko kushindilia.
Udongo umeshindiliwa na udongo,
tope la mafuriko juu ya tope la mafuriko,
kila chembe ikimsogelea jirani
kwa kuwa haina pengine pa kwenda,
maji yakikamuliwa, hewa ikitoka,
mpaka wakakamatana.

Mapumziko. Nkwabi anakunywa maji ya dumu,
viganja vimechubuka.
"Nilijua," anasema, hanitazami.
"Mwaka juzi, nilipomchimbia Holo.
Juu tulipiga sururu mpaka mpini ukavunjika.
Halafu ikawa laini kama uji ulioganda,
nikachimba mbio mbio, nikashukuru kabisa,
nikadhani itakwenda hivyo hadi mwisho.
Chini ikakataa tena.
Tukamlaza hapohapo ilipokataa."

Fomu yangu ina safu ya kina,
safu ya mapigo, rangi, unyevu.
Nikaandika: mita mbili na nusu, kijivu, unyevu wa wastani.

Alasiri, mita tatu na kitu,
nyundo ikaruka mikononi mwake.
Changarawe ya chokaa. Hamsini, na chuma hakishuki.
"Nguzo zifike hapa," nikamwambia Masele,
na yeye akahesabu mifuko ya saruji kwa vidole,
vidole vikaisha,
akaanza upya na mkono uleule.

Jioni tukafukia shimo.
Udongo uliotoka haukuenea kurudi.
Ukishachokolewa huvimba, husahau ulivyobanana,
hata upigwe teke namna gani.
Kikabaki kichuguu, urefu wa kiganja.
Vijana wakapakia vyuma kwenye pikapu.
Nkwabi akaweka mguu juu yake, akaonja,
kisha akauondoa,
akaenda kutafuta shati lake.